Bata Mzinga Dunga: Chakula cha Siku ya Shukrani Ufukweni mwa Kisumu

Hoteli ninayoiandikia hapa haina bango barabarani. Ukitoka mjini Kisumu kuelekea Dunga, ukashika njia ya vumbi inayoteremka ziwani, utaiona kando ya mafunjo: paa la nyasi juu ya nguzo za mkalitusi, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, meza mbili ndefu za mbao, na jiko la matofali lililojengwa nje. Mwenye hoteli, ambaye sote tunamwita Mama, hupokea wageni walioagiza mapema tu, wasiozidi 24 kwa siku, naye aliniomba nisiandike jina lake wala la hoteli, kwa sababu hana nafasi ya watu wanaokuja ghafla na hapendi kumrudisha mtu akiwa na njaa. Nimeliheshimu ombi hilo. Anayetaka kwenda na aulize wavuvi wa Dunga mahali ambapo watu hulia kabla ya kula. Nitaeleza baadaye kwa nini wanapaita hivyo.

Tulikwenda huko Alhamisi, tarehe 27 Novemba 2025, tukiwa watu 17, kwa shughuli ambayo sijawahi kusikia ikiagizwa katika hoteli ya Kisumu. Mwenzetu mmoja kazini, muuguzi kutoka Marekani aliyekuja kusaidia katika utafiti wa malaria, alikuwa anaikaribia sikukuu ya Shukrani ya nchi yake akiwa mbali na mama yake kwa mara ya kwanza. Yeye hakutuomba lolote. Ni sisi tuliomwona akizihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, tukaanza kuulizana kama hapa kwetu yupo anayeweza kuoka bata mzinga mzima. Dereva wetu, mzaliwa wa Nyalenda, ndiye aliyesema, “Twendeni kwa Mama. Akishindwa yeye, basi Kisumu nzima imeshindwa.”

Kabla ya kukieleza chakula, sina budi kuieleza siku yenyewe, kwa maana asiyeijua hawezi kupima kama Mama aliitendea haki. Wamarekani huadhimisha Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba. Wengi wetu tumesikia habari za mwaka 1621, walowezi wa Kiingereza wa Plymouth walipopata mavuno yao ya kwanza wakala kwa siku tatu pamoja na wanaume wapatao 90 wa Wampanoag, wenyeji wa asili wa huko, wakiongozwa na Massasoit, ambao walileta kulungu watano. Karamu ile, hata hivyo, haikuwa siku ya taifa, kwa kuwa taifa lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa. Rais wa kwanza kutenga siku kwa niaba ya taifa alikuwa George Washington, ambaye aliombwa na Bunge akaiteua Alhamisi, tarehe 26 Novemba 1789, iwe siku ya shukrani na maombi ya umma. Hata bungeni humo jambo hilo lilizua ubishi. Thomas Tucker, mjumbe wa South Carolina, aliuliza ni kwa nini Rais awaelekeze watu kufanya kitu ambacho pengine hawana nia ya kukifanya, tena akasema kuwa hilo ni suala la dini na Bunge halihusiki nalo. Thomas Jefferson, alipofika madarakani, alikataa kabisa kutangaza siku za namna hiyo. Baadaye Abraham Lincoln akaitangaza upya tarehe 3 Oktoba 1863, miezi mitatu baada ya mapigano ya Gettysburg, nchi ikiwa bado inauana yenyewe kwa yenyewe. Nyuma ya tangazo hilo alikuwapo mhariri wa jarida la wanawake, Sarah Josepha Hale, aliyekuwa amewaandikia viongozi barua kwa miaka mingi akiomba siku moja itakayoshikwa na taifa zima.

Katika yote niliyoyasoma wiki ile, lililonishika zaidi ni dogo. Siku ile ya kwanza ya mwaka 1789, Washington alikwenda kusali katika kanisa la St. Paul's jijini New York, kisha akatoa chakula na bia kwa watu waliokuwa wamefungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Kumbe tangu mwanzo, maombi ya taifa yalifuatwa na sahani iliyobebwa hadi kwa mtu asiyekuwa na chochote. Nikajiambia kwamba hicho ndicho kitakuwa kipimo changu huko Dunga. Sitapima ladha ya nyama peke yake. Nitatazama kama meza ya Mama inaweza kuibeba shukrani ya watu wazima 17 wa dini, makabila na nchi mbalimbali bila kumlazimisha yeyote, na bila kumsahau aliye nje.

Tulipokwenda kuagiza, majuma mawili kabla, Mama alituuliza maswali matatu. La kwanza, je, miongoni mwetu yupo Mwislamu? La pili, je, yupo asiyekula nyama? La tatu, ambalo sikulitarajia, ni nani ataomba na ataomba kwa namna gani, maana katika kundi la watu wengi daima yumo ambaye sala ya mwenzake inamkaa vibaya. Nimekula katika hoteli kubwa za Nakuru na Kisumu, zenye vitambaa vyeupe na wahudumu wenye tai, na katika hizo zote sijawahi kuulizwa swali hata moja kati ya hayo. Bata mzinga alinunuliwa kwa mfugaji wa Ahero akiwa hai, akachinjwa na mchinjaji wa Kiislamu ili kila mmoja mezani aweze kula, akalazwa usiku kucha katika maji ya chumvi, vitunguu saumu na majani ya mrehani. Alikuwa na uzito wa kilo tisa. Mama hana oveni ya kumtosha ndege mkubwa hivyo, kwa hiyo alifanya mpango na mwokaji mikate wa Manyatta ambaye tanuri lake huwashwa kwa kuni.

Kasoro ya kwanza ilitokea hapo, nami nitaitaja kwa uwazi. Tulikuwa tumekubaliana kula saa nane mchana, lakini mikate ya asubuhi ilichelewa kutoka tanurini, bata mzinga akaingia saa tano badala ya saa tatu, na ndege wa kilo tisa hahitaji chini ya saa tatu motoni. Alifika Dunga saa tisa na dakika arobaini, juu ya pikipiki, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa karatasi ya foili na blanketi la mtoto. Wenzetu wawili walikuwa wameshaanza kunung'unika. Mama alitoka mwenyewe akaomba radhi, akatuletea karanga za kukaanga na chai ya maziwa bila malipo, akaeleza sababu kwa maneno machache, wala hakumlaumu mwokaji. Kuchelewa ni kuchelewa, na anayekwenda na watoto wadogo au mgonjwa wa sukari sharti alifikirie hilo. Hata hivyo, namna mtu anavyoomba radhi nayo ni sehemu ya huduma, na katika hilo hakuna alipopungukiwa.

Sasa nije kwenye kunawa, kwa sababu ndipo chakula kilipoanza. Mjukuu wa Mama, kijana wa miaka kama kumi na minne, alizunguka meza akiwa na birika la maji ya uvuguvugu, beseni, sabuni na taulo begani. Alipomfikia mgeni wetu, mgeni akataka kulipokea birika ajimiminie mwenyewe, kama afanyavyo kila siku ofisini. Mama akamshika bega taratibu. “Kaa, mwanangu. Leo unanawishwa.” Mgeni akanyoosha mikono yake juu ya beseni, maji yakapita kwenye vidole, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajajibu neno. Hapo nikaelewa kwa nini wavuvi wanapaita mahali hapo walivyopaita.

Baada ya kunawa, Mama alisimama kwenye ncha ya meza akatoa utaratibu wake. Kwanza tungenyamaza kwa muda mfupi, kila mtu na Mola wake au na mawazo yake. Kisha kila mmoja angetaja kitu kimoja alichopewa mwaka huu, pamoja na aliyempa. Alisisitiza hilo la pili: anayeshukuru bila kumtaja mtoaji, alisema, ameimaliza nusu ya kazi. Aliyetaka kumtaja Nyasaye, yaani Mungu kwa Kijaluo, alikuwa huru kumtaja, na aliyetaka kumtaja jirani yake alikuwa huru vilevile. Tulikuwamo Wakatoliki, Waadventista, Waislamu watatu, mzee mmoja wa kanisa la Legio Maria, na mhasibu wetu ambaye kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kusema anasali wapi, nasi hatujawahi kumuuliza.

Dereva alimshukuru mwendesha bodaboda aliyembeba mkewe usiku wa manane hadi hospitalini, akakataa nauli. Mwenzetu Mwislamu alisoma dua fupi kwa sauti ya chini, kisha akamshukuru dada yake aliyemlipia karo mwanawe. Mhasibu alifikiri kwa muda mrefu, akasema anamshukuru fundi viatu wa karibu na Jubilee Market ambaye humsalimu kwa jina kila asubuhi, na kwamba kuna asubuhi moja mwezi wa Machi ambapo salamu hiyo ndiyo iliyomfanya aendelee na safari badala ya kurudi nyumbani kujifungia. Nimefanya kazi na mtu huyo kwa miaka tisa. Sikuwa nimelijua hilo.

Mzee wa Legio Maria alichelewa kusema. Kisumu ilikuwa bado na majonzi: Raila Odinga alikuwa amefariki tarehe 15 Oktoba, na tarehe 18 wengi wetu tulikuwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta huko Mamboleo kumuaga, kabla hajazikwa Bondo siku iliyofuata. Serikali ilitangaza siku saba za maombolezo na bendera zikapeperushwa nusu mlingoti. Mzee alisema kwamba nchi imefanya vizuri kutenga siku za kulia, na yeye amelia zote, lakini hakuna aliyempa siku ya kusema asante kwa miaka aliyoishi marehemu. Kwa hiyo angeisema sasa, kwenye meza hii, mbele ya samaki. Akaisema kwa Kijaluo, neno moja tu, “Erokamano,” akaketi.

Maneno yake yalinirudisha kwenye siku ambazo sisi Wakenya tumeitwa kuomba kama taifa. Tarehe 21 Machi 2020, siku nane baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliitenga Jumamosi hiyo iwe siku ya maombi ya kitaifa, nasi tukaifuata kwenye runinga kwa sababu hatukuweza kukusanyika. Tarehe 14 Februari 2023, ukame ukiwa umeua mifugo kaskazini na mashamba yakiwa yamekauka, watu walikusanyika katika uwanja wa Nyayo kuomba mvua. Nakuru nako, tarehe 16 Aprili 2016, uwanja wa Afraha ulijaa watu katika mkutano wa shukrani na maombi baada ya kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kumalizika, ingawa siku ile shukrani na siasa zilikuwa zimesukwa pamoja kiasi kwamba walioathiriwa na ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, zilizozaa kesi hizo, hawakuiona kama siku yao. Kila mwaka pia kuna kiamsha kinywa cha maombi ya kitaifa jijini Nairobi, na anayekula pale ni aliyealikwa.

Mimi sizidharau siku hizo. Niliomba siku ile ya Machi 2020 nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, na nina hakika ilinisaidia kulala. Lakini nikizipanga pamoja naona kwamba tunaitwa tukiwa hatarini, tunaitwa uwanjani au mbele ya runinga, na kazi yetu sisi wananchi ni kusikiliza. Mvua tuliyoiomba mwezi wa Februari 2023 ilinyesha msimu uliofuata. Mimi binafsi sikuitwa tena kwenda kushukuru. Nchi nyingine zimeweka siku hiyo kwenye kalenda ili isingoje balaa. Zambia huishika tarehe 18 Oktoba tangu 2015, Liberia Alhamisi ya kwanza ya Novemba, Uswisi Jumapili ya tatu ya Septemba, na Ghana ilianza yake tarehe 1 Julai 2025. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 8, inasema kwamba hakuna dini ya taifa, na Ibara ya 32 inamlinda kila mtu asilazimishwe kushiriki ibada, na naziheshimu Ibara hizo kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, wimbo wetu wa taifa unaanza kama sala, na neno lake la mwisho kabisa ni shukrani. Serikali haiwezi kuniagiza niombe, lakini inaweza kunipa nafasi na kuniacha na watu wangu mezani. Mama wa Dunga, ambaye hajasoma Ibara yoyote, alilitatua suala ambalo Tucker na wenzake walilibishania mwaka 1789, kwa kuuliza maswali matatu wiki mbili kabla.

Mgeni wetu alisema mwisho. Alimshukuru mwenye nyumba anakopanga, ambaye alimpikia uji wa wimbi kwa siku nne alipougua. Kisha akatueleza jambo ambalo hakulazimika kutueleza: kwamba tangu mwaka 1970 wenyeji wa asili wa Marekani hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo ya Alhamisi kuiadhimisha kama siku ya maombolezo, kwa sababu waliowakaribisha walowezi walipoteza ardhi na watu wao, na kwamba shuleni kwao alifundishwa nusu ya habari hiyo tu. Meza ilinyamaza. Mama akasema kwa utulivu, “Basi na wao wapo hapa leo.” Akachukua kisu.

Kisu hicho kilikuwa cha kupasulia samaki aina ya mbuta, chembamba na kirefu, kimenolewa hadi ubapa wake umeliwa katikati. Mama alianza kwa paja, akatafuta kiungo kwa kidole gumba badala ya macho, akakigeuza, paja likaachia bila kelele na mvuke ukatoka pamoja na harufu ya moshi wa kuni na vitunguu saumu. Ngozi ilikuwa na rangi ya asali iliyoiva sana, kavu na yenye kuvunjika. Nyama ya paja na ya mguu ilikuwa laini, yenye majimaji, chumvi imeingia hadi mfupani, na sitasita kusema kuwa ni nyama bora ya ndege niliyokula mwaka huu. Nyama ya kidari ilikuwa kavu. Hilo ni tatizo la bata mzinga popote duniani, kwa sababu kidari huiva mapema kuliko paja, lakini hapa lilizidishwa na tanuri la kuni ambalo moto wake haupunguzwi kwa kitufe. Mama alijua. Alikata kidari vipande vyembamba, akavimwagia mchuzi uliotokana na mifupa na maini, na waliokula hivyo hawakulalamika. Waliokula bila mchuzi walihitaji maji.

Matunda mekundu machachu ambayo Wamarekani huyafanya rojo la kulia nyama hayo hayapatikani sokoni kwetu. Mama aliweka ukwaju uliochemshwa na sukari nguru na pilipili kidogo, nami naona kwamba ukwaju ule ulifaa zaidi. Kulikuwa na ugali wa aina mbili, mweupe na ule wa mtama na muhogo, osuga, yaani mboga ya mnavu, iliyopikwa kwa maziwa hadi uchungu ukabaki kama kumbukumbu tu, na nyoyo ya mahindi na maharagwe. Mzee wa Legio Maria aliuliza kama haya nayo ni ya Kimarekani. Ni ya huko kweli: mahindi, maharagwe haya tunayoyajua, maboga na bata mzinga mwenyewe vyote vilifugwa na kulimwa kwanza na wenyeji wa Amerika, kisha vikavuka bahari hadi vikawa vyetu kiasi kwamba mtu wa Siaya au Kakamega huapa ni vya babu yake. Nilipolisema hilo, mgeni alikuwa na kipande cha ugali mkononi. Akakitazama kwa muda kabla ya kukila.

Samaki wawili wakubwa aina ya ngege walikaangwa kwa ajili ya wasiopenda bata, na hao siwezi kuwasifu kupita kiasi: ngozi kavu, nyama nyeupe inayoachia mfupa, ndimu na chumvi, basi. Kama Mama angepika ngege peke yao, bado ningeandika tathmini hii.

Pai ya boga ndiyo iliyoshindwa. Mgeni alikuwa amemwonyesha Mama picha kwenye simu, na Mama akaamua kujaribu badala ya kukataa. Boga lenyewe, lililopondwa na maziwa, iliki na sukari nguru, lilikuwa tamu sana. Lakini kitako chake cha unga kilikuwa kigumu kama ganda la andazi la juzi, na wengi tulilila boga kwa kijiko tukaliacha ganda. Ningemshauri wakati ujao alipike boga peke yake, alitoe kwenye bakuli, asijisumbue na ganda.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Choo ni safi na kina maji, ila hakina taa, na jua likishatua saa kumi na mbili na nusu unahitaji simu yako kukuangazia. Mbu wa mafunjo huanza kazi muda huohuo. Kikundi cha watafiti wa malaria hakikuwa na kisingizio cha kusahau dawa ya kujipaka, lakini tuliisahau. Baa ya jirani hupiga muziki kwa sauti kubwa kuanzia jioni. Maegesho yanatosha magari manne. Malipo ni kwa M-Pesa au taslimu, shilingi 1,500 kwa mtu mzima, bata mzinga na mboga zote zikiwa ndani, na shilingi 600 zaidi kwa kila ngege. Chapati zilihesabiwa mara mbili kwenye bili yetu. Mjukuu aliligundua kosa kabla yetu akalirekebisha mwenyewe.

Kwa chakula cha saa mbili, na kwa siku nzima ya kazi ya mikono ya watu watano, naiona bei hiyo kuwa ya haki, tena ya chini. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha Shukrani kwa wiki moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi, majimbo yakagawanyika, mengine yakashika tarehe mpya na mengine ya zamani, hadi Bunge lilipoweka Alhamisi ya nne kuwa sheria mwaka 1941. Mama angeweza kabisa kutuona sisi na mgeni wetu kama nafasi ya kuuza. Hakuweka mapambo, hakupandisha bei kwa sababu ya sikukuu ya kigeni, na hakutuuzia soda ambazo hatukuziomba.

Nimebakiza sehemu ya mwisho ya kipimo changu, ile ya sahani inayobebwa nje. Tulipomaliza, nyama ilikuwa imebaki nyingi, na wenzetu walianza kuulizana nani ana mfuko wa kubebea. Mama alikuwa ametuwahi. Tangu saa kumi na moja alikuwa ametenga sufuria nzima, paja moja na nyama ya mgongo, ugali na mboga, na kabla giza halijaingia mjukuu wake alitoka nayo hadi mahali mashua zinapovutwa nchi kavu, ambapo wanaume wawili walikuwa wamekaa juu ya nyavu. Gugumaji lilikuwa limeziba sehemu hiyo ya ghuba kwa siku kadhaa na hawakuwa wametoka kuvua. Mgeni wetu aliomba kumsindikiza. Tuliwaona kutoka mezani, kijana akishika sufuria na yeye akishika birika, na alipofika kwa wale wavuvi akainama, akawamiminia maji mikononi.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama habari za Washington na wafungwa wa madeni. Nilimweleza tulipokuwa tunalipa, naye akasikiliza akiwa anakunja kitambaa cha meza, akauliza kama wale wafungwa walitolewa baadaye. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa yeyote anayetaka kuandaa shughuli ya shukrani Kisumu, iwe ya familia, ya kanisa, ya msikiti au ya kazini, napendekeza mahali hapa kwa moyo mkunjufu, kwa sharti kwamba uagize wiki mbili kabla na uje na subira ya saa mbili. Sisi tumeshaweka amana ya mwaka ujao. Alhamisi ya nne ya Novemba 2026 itaangukia tarehe 26, tarehe ileile ya mwaka 1789, na Mama hataki tena kumnunua bata mzinga mkubwa mahali pengine. Atanunua vifaranga sita mwezi wa Mei na kuwafuga nyuma ya jiko, na mhasibu wetu ndiye aliyejitolea kuwajengea banda.